Pale pa Kunyamaza

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa mtu wa kuudhi. Nasema hivyo mapema, kwa sababu kila anayemkumbuka siku hizi anamkumbuka kwa sauti ya upole, kichwa kimeinama, "marehemu alikuwa malaika," utadhani hatukuwa wote pale tukimsubiri juani huku watoto wanatulilia mgongoni. Malaika gani anachelewa mazoezi kila wiki? Mimi nilikuwa sauti ya pili, alto, na nilimzidi umri kiasi cha kutosha kumgombeza, na nilimgombeza kweli. Yeye alikuwa kijana ambaye hata ndevu zilikuwa bado zinajishauri. Alinisikiliza hadi mwisho, akacheka, akasema, "Dada Skola, hiyo hasira yako iko kwenye sauti nzuri sana. Ishikilie hapohapo, tuanze."

Utafanya nini na mtu kama huyo?

Tulikuwa tunakaa kwenye makazi, nje ya Mpanda mjini, sisi ambao wazazi wetu walivuka kutoka Burundi na kupewa msitu wafyeke. Kufikia miaka ya tisini msitu ulishakuwa mashamba ya muhogo, mahindi na tumbaku, na kigango chetu kilishapata bati. Kwaya ndiyo ilikuwa fahari yetu. Hatukuwa na timu ya mpira ya maana, hatukuwa na umeme, barabara ndiyo usiseme. Lakini tukisimama kuimba, hata wale waliokuwa wakituita wakimbizi walinyamaza wakasikiliza. Na kwaya ile aliitengeneza yeye, huyo mchelewaji.

Hakuwa na kinanda wala filimbi ya kutolea sauti ya kuanzia. Do yake aliichukua kwenye mashine ya kusaga. Mashine ilikuwa jirani na kanisa, inakoroma tangu asubuhi, naye alikuwa anasimama mlangoni, ameinamisha sikio, ameshika ukuta kwa mkono mmoja, halafu anarudi kwetu mbio akiwa ameibana ile sauti mdomoni kama mtu aliyebeba maji kwenye kiganja. "Mmm," anatupa. "Shikeni." Tatizo ni kwamba mashine ikipewa mahindi mengi inalemewa, na ikilemewa inashuka. Kwa hiyo wimbo uleule, Jumatano tunauimba juu hadi mishipa inatutoka, Jumamosi tunauimba chini, besi wanabaki kunguruma tu. Nilimwambia, "Mwalimu, hii do yako inategemea nani kaleta debe la mahindi!" Akanijibu bila aibu, "Ndiyo maana nawaambia mama zenu walete kidogokidogo." Dizeli ikiisha mjini, hatukufanya mazoezi. Mnaelewa ninachosema? Kwaya nzima ya Bwana ilikuwa inasubiri dizeli.

Kuhusu kanisa lenyewe, sijui niseme nini. Alikuwa anafika misa ikishafika masomo, anaingia kwa mlango wa nyuma huku anafunga kifungo cha lile shati lake jeupe, lile moja. Wakati wa mahubiri alisinzia waziwazi. Mwenyekiti wetu wa kwaya, mzee wa besi, mtu wa taratibu, alikuwa anamkodolea macho hadi yanakaribia kudondoka. Lakini padri akisema tu "Tumwombe Bwana," yule kijana anafumbua macho, ananyoosha kidole, na sote tunaingia pamoja bila hata mmoja kutangulia. Mwenyekiti alikosa pa kumshikia, na hilo lilimuumiza zaidi.

Halafu kulikuwa na wale wafugaji. Wakati ule Wasukuma walikuwa wanazidi kushuka na ng'ombe wao, wanaelekea Majimoto na mabonde ya huko, na wakipita, muhogo wetu unapita nao. Shamba la mwalimu liliwahi kuliwa lote upande wa korongoni. Alitukana siku hiyo maneno ambayo sikujua kama mtu wa kanisa anayo. Kesho yake nani nimkute amekaa chini na vijana haohao wa ng'ombe, anapiga magoti yake kwa viganja, anawaambia, "Rudia. Hapo mwisho mnapopandisha, rudia." Wiki iliyofuata ile sauti ya kupandisha ikawa kwenye wimbo wetu wa matoleo.

Mwenyekiti aliijua. "Hizi ni ngoma za wachunga ng'ombe! Unaziingiza mbele ya altare?"

"Mzee, wamekula muhogo wangu," mwalimu akamwambia. "Na mimi nimekula wimbo wao."

Tulicheka hadi sauti ya kwanza wakashindwa kuimba. Mwenyekiti hakucheka.

Sasa nije kwenye kilichonikwaza kuliko vyote, na kinachonikwaza hadi leo. Alikuwa hafundishi wimbo mzima. Kwaya nyingine mnakaa pamoja, mnafundishwa sauti moja baada ya nyingine, mnasikiana. Yeye hapana. Sauti ya kwanza aliwafundishia kanisani. Sisi alto alitufundishia kwenye uwanja wa mashine. Sauti ya tatu, wale wa tena, aliwapeleka korongoni tunakolowekea muhogo, kule kunakonuka, na besi aliwakusanya nyumbani kwao, uani kwa mama yake. Kila kundi na siku yake. "Mkisikiana kabla hamjajua zenu, mtaibiana," alikuwa anasema. Tunakutanishwa mwishoni kabisa, wakati mwingine siku moja kabla, na hapo ndipo unagundua kwamba kile kipande chako kisicho na mbele wala nyuma, ulichokuwa unakiimba ukipalilia huku unaona aibu, kina wenzake. Hiyo raha siwezi kuikana. Nywele zilikuwa zinasimama. Lakini kabla ya raha hiyo ni wiki nyingi za kuimba upuuzi.

"Andika basi," nilimwambia. Nota alikuwa anazijua, alifundishwa na katekista mmoja wa Karema.

"Nikiandika mtaacha kuja mazoezini."

"Na ukifa?"

Nilisema kwa mzaha. Mtu unasema tu. Akanitazama kwa jicho la pembeni, akasema, "Nikifa si mtakuwepo nyie?"

Alikuwa anakaa na mama yake, wawili tu. Mama mrefu, mkimya, anayekuja misa ya kwanza na kukaa benchi la mwisho, na kwa miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona anafungua mdomo kuimba. Hata Noeli, hata pale ambapo bibi zetu wasiojua hata neno moja la Kiswahili walikuwa wanaimba. Watu walisema anaringa. Wengine walisema sauti hana, na mtoto kaipata kwa baba. Siku moja nilimtania mwalimu kuhusu hilo, nikamwambia, mama yako anatuonea haya tunavyoimba vibaya. Hakucheka, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwake. Akasema, "Mama ndiye mwimbaji. Mimi nafoka tu." Tulidhani ni maneno ya mtoto mzuri kwa mama yake, tukaendelea na yetu.

Basi ikaja habari ya Karema. Misioni ya zamani ile, kule ziwani, ilikuwa na sikukuu kubwa, na vigango vilialikwa kupeleka kwaya. Sisi pia. Lori lingepatikana. Wengi wetu hatujawahi kuliona ziwa, tunaona dagaa wake tu sokoni, wamekauka. Mwalimu akasema atatunga wimbo mpya, na akaanza kutufundisha kwa mtindo wake uleule, vipande vipande, huku na huko.

Huo wimbo ulikuwa na shimo. Katikati yake, sisi alto tukishapanda hadi mahali ambapo unahisi sasa ndiyo kinakuja chenyewe, akainua mkono, "Hapa nyamazeni."

"Tunanyamaza hadi lini?" nikauliza.

"Hadi niwaoneshe."

"Na wakati huo nani anaimba? Sauti ya kwanza?"

"Hapana."

"Besi?"

"Dada Skola, bado."

Nikawauliza sauti ya kwanza pale kisimani. Nao wananyamaza palepale. Nikamuuliza mume wangu, aliyekuwa sauti ya tatu, akasema hata wao. Besi hali kadhalika. Watu zaidi ya thelathini wanapanda, wanafika kileleni, wananyamaza wote, halafu baada ya muda usiojulikana wanarudi kwa sauti ya chini. Nikamwendea mwalimu tena. Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia, wewe unatufanya watoto, sikukuu iko mlangoni, tuambie pale kuna nini. Bado, akasema. Nikamuuliza, bado hujatunga, au bado hutaki kusema? Akakuna shingo. "Bado tu, dada. Si juu yangu." Nikaondoka nimenuna. Si juu yako, ni juu ya nani, wewe si ndiye mwalimu?

Jumamosi moja alipita kwetu na baiskeli yake isiyo na breki, anasimamisha kwa kandambili, kapakia muhogo wa kuloweka. Aliniambia kichwa kinamuuma. Nikamwambia kanywe dawa. Jumapili hakuja kanisani, tukasema ndiyo kawaida yake, kalala. Jumatatu mchana walimpeleka hospitali mjini, wamemfunga kwenye kiti cha baiskeli kwa kanga maana hakuweza kujishikilia, na Jumanne tukaletewa mwili. Malaria, walisema. Imepanda kichwani. Wengine walisema mengine, kama kawaida ya watu wetu: mara kijicho cha kwaya jirani, mara ule wimbo wa ng'ombe. Mimi sikutaka kusikia lolote. Nilikuwa na hasira. Mtu aliyekuwa anatukimbilia na sauti ya mashine mdomoni, kichwa kimemuuma tu, kaisha! Kijana mzima! Hata kumkasirikia vizuri hatujamaliza.

Mazishini mwenyekiti akasema tumwimbie wimbo wake wa Karema. Siku hiyo tu nilikubaliana naye. Tukajipanga pembeni ya kaburi, sauti zote nne, watu ambao hatukuwahi kuuimba pamoja hata siku moja. Tukasubiri do. Ndipo tukakumbuka. Mashine ilikuwa imezimwa, kwa heshima ya msiba. Kwetu mtu akifa hakuna kulima, hakuna kusaga, kijiji kinakuwa kimya, na mwenye mashine alikuwa amesimama palepale na sisi, kavua kofia. Tulitazamana. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na sauti ya kuanzia. Mwenyekiti akakohoa, akatoa ya kwake, ya juu mno, ya mtu aliyebanwa na kilio, na sisi tukaingia nayo hivyohivyo.

Sitaki kueleza sana. Sauti ya kwanza walikuwa wanapiga mayowe. Lakini ulikuwa wimbo, hata hivyo. Kwa mara ya kwanza nilisikia kipande changu kimepata wenzake, nikasikia tulikokuwa tunapelekwa, tukapanda wote, tukafika pale. Tukanyamaza.

Udongo ulikuwa unadondoka kidogokidogo ukingoni mwa kaburi. Hakuna aliyejua turudi lini. Tulimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama chini. Besi mmoja akaingia, wenzake hawakuingia, akaacha. Sauti ya kwanza wakaanza, wakakosea, wakalia. Ukaishia hapo. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka upande wa pili, kanga kichwani, anatutazama. Alitutazama hivyo mpaka nikageuza uso.

Baada ya hapo ni ugomvi. Mwenyekiti alisema lile shimo lijazwe, twende nao Karema, yeye atatia maneno, "Bwana ametoa, Bwana ametwaa," kwa besi peke yao. Nikasimama mbele ya wote nikamwambia, mzee, hapo si pako. Akasema ni pa nani? Nikazidi kupiga kelele. Tuligawanyika. Mwishowe tulienda Karema na wimbo wa zamani ambao kila kwaya inaujua, tukaimba vizuri tu, tukapigiwa makofi ya adabu. Ziwa nililiona. Ni kubwa, ni zuri, watu wengine walilia kwa kulitazama. Mimi nilikaa kwenye lori.

Na wimbo ukaanza kupotea. Hakuna aliyeuandika, si alikataa? Mume wangu akawa anachanganya kipande chake na cha matoleo. Dada mmoja wa sauti ya kwanza aliolewa Kabungu, akaenda nacho. Mimi nilikuwa naimba cha kwangu kila siku nikipalilia, nisije nikakisahau, na kila nikifika pale nanyamaza, nasimama na jembe, namtukana kimoyomoyo. Bado, bado. Bado nini?

Tulishaondoa msiba, kuganduka tunavyoita sisi, watu wamekula wamekunywa, jembe limerudi shambani, ndipo nikajilazimisha kwenda kwa mama yake. Nilikuwa nimekwepa ile nyumba muda mrefu. Ilikuwa asubuhi, nikamkuta uani anatwanga sombe, majani mabichi ya muhogo, kinu katikati ya magoti. Nikamsalimia, akaniitikia, akanisogezea kigoda. Akaendelea kutwanga. Nami siwezi kukaa kimya muda mrefu, Mungu ndivyo alivyoniumba.

"Mama, nisamehe, nitauliza. Ule wimbo wa Karema. Pale tunaponyamaza. Alikuambia kuna nini?"

Aliendelea kutwanga. Nikadhani hakusikia.

"Kuna mimi," akasema.

Nikakaa vizuri.

"Kule tulikotoka nilikuwa naimba, Skola. Shambani, na dada zangu. Wote waliimba, mimi nilikuwa naitikia katikati, peke yangu, wao wananyamaza. Siku ya kuvuka mto waliachwa ng'ambo, hawakuvuka. Mimi nilivuka na mtoto mgongoni. Tangu hapo nikijaribu, nasikia sauti moja tu, yangu. Nikaacha." Aliyageuza majani kwa mkono. "Huyu mtoto, ule wimbo wetu sijui aliusikia wapi. Labda nilimbembelezea nao akiwa mdogo sana, nikajisahau. Akaja hapa na besi wake, nawasikia uani, najua anakokwenda. Wakiondoka anakaa hapo ulipokaa. Ananiambia, mama, nimekuachia nafasi. Watanyamaza wote, uimbe wewe. Karema, mbele ya watu! Kila siku ananiomba."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia bado. Ngoja nimalize kutwanga. Ngoja nivune maharage. Bado, mwanangu." Akashika mchi kwa mikono miwili. "Akasema sawa mama, hadi utakaposema mwenyewe, sitamwambia mtu."

Sijui nieleze vipi hasira niliyoipata. Si kwake peke yake. Kwake, kwa yule kijana na adabu yake isiyo na wakati, kwa malaria, kwa ule mto, kwangu mimi niliyekuwa nazunguka kisimani nauliza sauti ya kwanza. Nikasimama. Nikamwambia, mama, na pale kaburini? Ulituona tumesimama pale kama miti! Kwa nini hukuimba?

"Mlianza juu," akasema. "Nisingefika."

Nilitaka kucheka na kupiga kelele kwa pamoja. Ile do! Ile mashine! Yeye akachukua mchi wa pili ulioegemea ukuta, akanipa. "Twanga basi, usisimame bure."

Nikatwanga. Tukawa tunapokezana, wake, wangu, wake, wangu, majani yanalainika. Na kwa kuwa siwezi kutwanga bila kuimba, nikaanza kipande changu, chini, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayefanya kazi. Nilipanda nacho. Nikafika pale. Nikanyamaza, nikaacha na mchi.

Mama akaimba.

Sauti ilikuwa imekwaruza, kavu kama mlango usiofunguliwa siku nyingi, na ilikuwa inakatika. Maneno yalikuwa ya Kirundi cha zamani, ya kulima, ya kuwaita waliobaki nyuma wafike mstari mmoja na wenzao. Ilikaa palepale. Ilijaza lile shimo lote, haikubakiza hata ufa, na mwisho wake ukashuka taratibu hadi kwenye sauti yangu ya kurudi nayo, ile ya chini ambayo sikuwahi kuelewa inatoka wapi. Mwalimu alikuwa amenitengenezea njia kabisa. Nilichotakiwa ni kuingia.

Sikuweza. Machozi yalikuwa yananidondokea kwenye kinu, nikimwona tu yule mjinga na shati lake jeupe, ambaye angetoa kila kitu kusimama hapa nilipo.

Mama alifika mwisho, akasubiri. Akaniangalia.

"Mbona umenyamaza, Skola? Si zamu yenu?"

"Bado, mama," nikamwambia. "Bado."